Umri wa mbu katika hesabu ya malaria

Ronald Ross alithibitisha mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria. Wengi wakadhani ili kuushinda ugonjwa lazima mbu wote wamalizwe. Ross alijibu kwa hesabu. Katika ripoti yake ya Mauritius ya 1908, kisha kitabuni mwaka 1911, alionyesha kwamba mbu wakipungua chini ya kiwango fulani kwa kila mtu, malaria hufifia yenyewe.

George Macdonald, katika miaka ya 1950, aliipeleka hesabu hiyo mbali zaidi kwa kuuliza jike la mbu huishi siku ngapi. Kimelea hatari zaidi, falsiparamu, huhitaji takribani siku 10 kukomaa ndani ya mbu katika nchi ya joto. Mbu akifa kabla ya hapo, hamwambukizi mtu.

Fuata hesabu yenyewe. Tuna mbu 100 walionyonya damu yenye vimelea. Wakisalimika asilimia 90 kila siku, siku ya kumi wamebaki 35, na kila mmoja ana wastani wa siku 9 na nusu za kuishi. Jumla yake ni kama siku 330 za hatari. Sasa dawa ya kuua mbu inayopuliziwa ukutani ishushe kiwango hicho cha kusalimika hadi asilimia 80. Wanabaki 11 tu, wenye siku 4 na nusu kila mmoja, na siku za hatari hazifiki 50. Kuwapunguza mbu kwa nusu hupunguza hatari kwa nusu. Kufupisha maisha yao kwa takribani nusu kumeishusha karibu mara saba! Kwangu mimi, hii ndiyo kazi kuu ya modeli, yaani hesabu za aina hii: kuonyesha ni wapi juhudi ndogo huzaa matokeo makubwa.

Lakini hesabu ile ilichukulia kwamba mbu hutua ukutani. Mradi wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, 1969 hadi 1976, ulipulizia nyumba dawa, na baadhi ya vijiji vikagawiwa pia dawa za kumeza. Malaria ilipungua sana, ila haikukatika. Sehemu ya mbu walipumzika nje, wasiguswe na dawa.

Ndipo uigaji wa kompyuta ulipohitajika. Watafiti wa Basel, Uswisi, walichapisha mwaka 2006 modeli inayomfuata kila mtu peke yake: umri, kinga, homa, matibabu. Takwimu za Garki na za vijiji vya bonde la Kilombero, Tanzania, zilitumika kuijenga. Kompyuta hurudia maisha ya kijiji kizima mara nyingi, kwa sababu bahati nayo ina sehemu yake.

Hapa wataalamu wa sayansi ya jamii wanahitajika mno. Nani hulala ndani ya chandarua, nani hukesha shambani akilinda mpunga, mama huchelewa kwa siku ngapi kumpeleka mtoto zahanati: majibu haya hupatikana kwa kwenda kuwauliza watu na kuwatazama. Modeli isiyoyapata hujaza nafasi hizo kwa makisio, na waziri anayepanga bajeti huyasoma makisio hayo kama ukweli.