Gitaa Kavu Mpakani

Tunduma ina kelele za kila namna: breki za malori, honi za bodaboda, wabadilisha fedha wanaonadi kwacha, sabufa za maduka ya simu zinazogombana ukuta kwa ukuta. Ukitaka kumsikia mpiga gitaa kavu katikati ya vurugu hilo, inabidi umsogelee hasa. Wengi hawasogei. Wanamtupia mia mbili huku wakitembea, kama wanaolipia choo cha stendi.

Mzee ninayemsema hukalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kando ya foleni ya malori ya Kongo. Gitaa lake lilipasuka tumboni, likazibwa kwa bati. Waya mmoja umechomolewa kwenye breki ya baiskeli. Shingoni ameikaza kalamu ya risasi kwa mpira wa tyubu. Wimbo ukitaka sauti ya juu, anaisogeza kalamu kuelekea tumboni, basi. Kisha anaanza, kwa vidole viwili tu. Dole gumba linashika besi na halisimami. Cha shahada kinaimba juu yake, kinachelewa makusudi, kinarudi mahali ambapo hukukitegemea. Mgeni huangaza macho akimtafuta mpigaji wa pili.

Ufundi huu ulitoka huko huko yanakokwenda malori. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa barabarani Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Bosco aliimba Kiswahili, kile cha Katanga, na santuri zake zikasambaa hadi kwetu. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, ambako gitaa lake lilitangaza hata dawa ya Aspro. Mwaka 1969 akapanda jukwaa la Newport, Marekani. Ajali ya gari ilimuua mwaka 1990 nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka huu huu.

Mwingereza mmoja, John Low, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwasaka wapigaji wa kizazi cha Bosco wamfundishe, akachapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1982. Sisi Lubumbashi, jiji la huko huko, tunaijua kwa bei ya kusafirisha mzigo.

Kituo cha treni cha St Pancras, London, wameweka piano, anayejua aketi apige, na wasafiri husimama kusikiliza. Hapa anayejua anaitwa ombaomba. Nimewaona vijana wakimrekodi mzee kwa simu, wakachukua kipande kifupi, wakaondoka kabla wimbo haujageuka. Na utamu wote uko pale unapogeuka!

Mabosi wa malori wanailaani foleni, nao wana haki. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019 ili magari yasilale njiani. Mzee peke yake ndiye anayeiombea foleni irefuke, maana ndiyo inayomletea wanafunzi.

"Shikamoo, babu," utingo mmoja alimwamkia, akachuchumaa.

"Marahaba. Lete dole gumba. Hicho kingine kifiche kwanza."

Walikwenda hivyo, besi tupu, kijana akikosea na mzee akimrudisha mwanzo bila kugombeza. Honi ikalia. Utingo akamrudishia gitaa, akalikimbilia lori. Cha shahada walikuwa bado hawajakigusa.