Draivu ya DVD na namba ya kwenye kasha

Kasha la draivu ya DVD likiandikwa 16x, wengi huamini diski nzima itasomwa kwa spidi hiyo. Kwenye DVD, 1x ni takriban megabaiti 1.385 kwa sekunde, hivyo 16x ni kama megabaiti 22. Draivu huifikia spidi hiyo mahali pamoja tu: ukingoni mwa diski, dakika za mwisho za kusoma.

Chanzo ni mzunguko. Data za DVD huanzia milimita 24 hivi kutoka kitovuni na kuishia milimita 58. Mota ya draivu ya 16x huizungusha diski kwa mwendo ule ule, zaidi ya mizunguko 9,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja wa ukingoni hupitisha mbele ya leza data mara 2.4 ya zile za mzunguko wa ndani. Kwa hiyo usomaji huanza kwenye 6.6x hivi, hupanda polepole, na wastani wake ni kama 11x. Diski ya gigabaiti 4.7 humalizika kwa dakika tano, wala si tatu na nusu kama kasha linavyodokeza.

Ndiyo maana kupima kwa kunakili faili moja hakufai. Faili likiwa karibu na kitovu, draivu itaonekana goigoi. Likiwa ukingoni, itaonekana hodari. Tena, ukilisoma faili lile lile mara ya pili, huenda kompyuta ikalitoa kwenye kumbukumbu yake bila hata kuigusa diski. Toa diski uirudishe kabla ya kurudia kipimo, na utumie diski iliyojaa, maana iliyojaa nusu haifiki ukingoni.

Programu kama Nero CD-DVD Speed iliifanya kazi hii ipasavyo: ilisoma kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, huku ikichora mistari miwili. Wa kijani ulionyesha spidi ya kusoma, wa njano mzunguko wa mota. Draivu ikiwa nzima, wa kijani hupanda bila kuyumba na wa njano hulala sawa.

Hitilafu nazo zina sura zake. Mstari wa kijani ukitumbukia mahali pamoja kisha ukarudi juu, shuku mkwaruzo au uchafu. Weka diski nyingine: shimo likitoweka, draivu haina kosa. Wa njano ukishuka ghafla na kubaki chini, draivu imekutana na makosa mengi ya kusoma ikaamua kupunguza mwendo. Hata mlio wa mota husikika ukififia.

Mstari wa kijani ukigonga dari na kunyooka huku mota ikizunguka vilevile, kagua njia ya data. USB 1.1 hupitisha kama megabaiti moja kwa sekunde, haifiki hata 1x ya DVD, USB 2.0 inaitosha 16x. Kwenye Windows XP, makosa yakijirudia, mfumo uliihamishia draivu kwenye PIO, ambako prosesa ndiyo hubeba data zote. Hapo usomaji ulizorota na prosesa ikaelemewa.

Usishtuke mstari ukipanda kisha ukashuka kama mlima kwenye DVD ya tabaka mbili. Aghalabu tabaka la pili husomwa kutoka ukingoni kurudi ndani.

Ripoti ya kipimo basi itaje spidi ya mwanzo, ya mwisho na wastani, aina ya diski na njia ya kuunganishia. Chukua draivu ya 16x inayoanguka hadi 4x katikati ya diski na kubaki hapo: itamaliza kwa dakika kama kumi. Draivu ya 8x ya kompyuta mpakato, isiyoyumba, humaliza diski hiyo kwa muda huo huo.