Wingu na Udongo: Fani na Maudhui katika Picha Dhahania za Maumbile

Katika masomo ya fasihi tumezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili, fani na maudhui, kisha kuuliza jinsi pande hizo zinavyotegemeana. Swali hilo huwa jepesi tukiwa na hadithi mkononi, kwa kuwa hadithi ina watu, ina mgogoro na ina mwisho. Huwa gumu tuwekewapo mbele yetu picha ya kamera isiyo na mtu, isiyo na nyumba wala mstari wa upeo wa macho. Picha ya wingu tu. Je, picha ya namna hiyo ina maudhui? Na kama haina, kwa nini iitwe sanaa? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kuzichunguza kazi za wapiga picha wawili wa Marekani, Alfred Stieglitz na Edward Weston, na kuzipima kwa mizani ya utamaduni wetu.

Stieglitz alizaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1946. Alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa kwa picha za watu na za mitaa ya New York alipoanza, mwaka 1922, kuielekeza kamera yake mbinguni huko Lake George, ambako familia yake ilikuwa na makazi ya kiangazi. Mhakiki mmoja alikuwa ameandika kwamba nguvu ya picha zake ilitokana na uwezo wake wa kuwatawala watu aliowapiga picha. Stieglitz akajibu kwa mawingu. Wingu halitawaliwi na mtu, tena ni mali ya wote; halina kiingilio wala kodi. Mfululizo wa kwanza aliupa jina la muziki. Kuanzia mwaka 1925 alizitumia picha hizo jina la Equivalents, ambalo twaweza kulifasiri kuwa Vilinganifu. Aliendelea nazo hadi miaka ya 1930, na idadi yake ikapita 200.

Tuanze na fani. Kwa muda mrefu kemikali za vioo na filamu za picha zilikuwa nyepesi mno kupokea rangi ya buluu, hata anga likatoka jeupe tupu na mawingu yakapotea humo. Filamu mpya zilizopokea rangi zote ndizo zilizomwezesha msanii kulitia anga weusi mzito na kuliacha wingu ling'ae. Nyingi za picha hizo ni ndogo, zenye ukubwa wa inchi 4 kwa 5 hivi, hata mtazamaji hulazimika kuzisogelea kama mtu asomaye barua. Jambo kubwa zaidi ni lile aliloliondoa. Katika nyingi ya picha hizo hakuna ardhi, hivyo jicho halina mahali pa kusimama. Ukiigeuza picha juu chini, bado inashikamana, kwa sababu kinachoishikilia ni mpangilio wa giza na nuru. Huo ndio udhahania wenyewe: kitu cha kweli kimepigwa picha, lakini kimeondolewa vile vinavyotuambia kipo wapi na ni kikubwa kiasi gani.

Ama kuhusu maudhui, Stieglitz mwenyewe alieleza kwamba siku zile mama yake alikuwa mahututi na mali ya familia ilikuwa ikiporomoka. Alisadiki kwamba mawingu yale yalikuwa vilinganifu vya mambo mazito aliyoyapitia moyoni. Hapa tunakubaliana naye nusu tu. Hakuna mtazamaji awezaye kumsoma mama mgonjwa katika wingu asipoambiwa. Ikiwa maana inategemea maelezo yaliyoandikwa pembeni, basi sehemu ya maudhui imo katika maelezo, haimo katika picha.

Mtetezi wake atasema kwamba muziki nao hauna maneno, ila hutuliza au kutuhuzunisha. Ni kweli. Lakini tukumbuke jinsi ngoma zetu zinavyofanya kazi. Mlio wa ngoma ya msiba humgusa msikilizaji kwa kuwa jamii yake imekwisha kuupa mlio huo mahali pake. Mgeni huusikia mdundo tu. Sanaa isiyo na maneno haiachi kuwa na maana, bali huitegemea zaidi jamii inayoielewa. Kwa mkulima wa Dodoma anayeingoja mvua ya kwanza, wingu haliwi umbo tupu hata siku moja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao walikuwa wasomaji wa anga kabla ya kamera kubuniwa. Tunapoitazama picha ya Stieglitz, hatuna budi kuitazama kwa elimu hiyo pia, wala tusidhani kwamba ni ushamba kufanya hivyo.

Weston alishika njia nyingine. Mwezi Agosti 1930, huko California, aliliweka pilipili hoho moja, lile kubwa la kuungia mchuzi, ndani ya faneli ya bati ili nuru iliangukie kutoka juu. Picha iliyopatikana, inayojulikana kama Pepper No. 30, ina mikunjo inayofanana na mgongo wa mtu aliyejikunyata. Hata hivyo pilipili halikupotea. Weston alisisitiza kwamba ni pilipili, na papo hapo ni zaidi ya pilipili. Kwa maoni yetu, nguvu ya picha hii inashinda ile ya mawingu mengi ya Stieglitz, kwa sababu haituombi tulisahau jina la kitu. Inatufanya tuone aibu kwamba tulikuwa tukilikata kila siku bila kulitazama.

Wako wasemao kwamba udhahania ni wa kigeni. Dai hilo halina msingi. Wachongaji wa Kimakonde wanao mtindo uitwao mawingu, wenye maumbo yanayopindana na kupenyana bila kuonyesha mtu wala mnyama dhahiri, na jina lake linatuonyesha kwamba hata wao waliona katika wingu kielelezo cha umbo huru. Msusi wa mikeka hupanga rangi na pembe bila kuchora kitu chochote. Mwanafunzi wetu hana sababu ya kuiogopa picha dhahania.

Hatari iliyopo ni nyingine, nayo ni kubwa. Kwa miaka mingi maumbile ya nchi yetu yamepigwa picha kwa ajili ya macho ya wageni: tembo mbele ya Kilimanjaro, simba chini ya mti. Picha hizo zina kazi yake, na hatuzibezi. Lakini zimetufundisha hata sisi kudhani kwamba maumbile yako mbugani tu. Mwanafunzi akiambiwa achore maumbile, huchora tembo ambaye hajapata kumwona, akauacha udongo uliopasuka katika jaruba analolivuka kila asubuhi.

Basi tuutazame udongo huo. Ukipigwa picha kwa karibu, mianya yake hufanya wavu mzuri mno wa mistari. Mtu ambaye chungu chake hakitegemei jaruba lile atasifu mistari. Mwenye jaruba ataona njaa. Picha dhahania inayomwezesha wa kwanza kusahau kwamba yuko wa pili imekosa jambo la msingi, hata kama fani yake haina dosari. Picha bora ni ile inayowafanya wote wawili wakae mbele yake, na yule wa kwanza aanze kuuliza.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi lisilo na gharama. Kila mwanafunzi akate dirisha dogo katika kipande cha karatasi ngumu, aende nje, aliweke juu ya gome la mbuyu, jani la mgomba au udongo, na kuchagua mpaka wa picha yake. Mwenye kamera au simu aipige. Asiye nayo aichore. Kisha darasa lijibu maswali matatu: Ni nini kilichoachwa nje ya dirisha? Umbo lililobaki linatutia hisia gani? Na mtu anayeishi kwa kitu hicho angeliona nini hapo? Mwanafunzi atakayelijibu swali la tatu kwa uangalifu sawa na la pili atakuwa ameanza kazi ya uhakiki.