Bei ya Mlo wa Msafiri: Uhakiki wa Hoja ya Ukarimu katika Ushairi wa Kale wa Kitamili

Hoja kwamba Watamili wa kale hawakuwauzia wasafiri chakula huegemezwa zaidi kwenye tungo za utanzu wa arruppatai. Katika tungo hizo, msanii aliyekwisha kutuzwa humwelekeza mwenzake fukara njia ya kumfikia mfadhili, akimtajia vyakula atakavyokirimiwa katika kila makazi. Makala haya yanadai kwamba hoja hiyo inachukua kaida ya utanzu na kuifanya ushahidi wa uchumi.

Perumpanarruppatai, mojawapo ya tungo kumi za mkusanyo wa Pattuppattu, inatosha kuonyesha tatizo. Humo mwanamke wa jamii ya wafugaji hutembeza mtindi akibadilishana kwa nafaka. Anapouza samli, haridhiki na dhahabu bali hutaka nyati wa kufugwa. Mwanamke huyu anaijua bei barabara! Hata hivyo, msanii apitaye kwao huahidiwa nafaka iliyopikwa pamoja na maziwa, bila malipo. Ukarimu huo hautokani na kutojua biashara. Utungo unamsifu mtawala Ilantiraiyan, na sifa yake ni kwamba nchi yake humlisha apitaye. Mlo wa kulipia ungeiharibu sifa hiyo. Isitoshe, msanii si msafiri wa kawaida, kwani hafiki mikono mitupu: ana wimbo.

Mtunzi wa kazi hiyo, Katiyalur Uruttirankannanar, ndiye pia aliyetunga Pattinappalai kwa heshima ya Karikalan, mfalme wa Wachola. Safari hii yumo katika bandari ya Kaveripattinam, wanamokaa watu wa lugha nyingi waliotoka kwao. Nyuani samaki hukatwakatwa na nyama hukaangwa kwa kishindo, na juu hupepea bendera ya kutangaza pombe inayouzwa. Utungo huohuo unataja nyumba za kugawa chakula, ambazo maji ya wali hutiririka kutoka kwake hadi barabarani. Sadaka na biashara zimo mji mmoja, kwa kalamu moja.

Ushahidi huu nao usitiwe chumvi. Neno la uuzaji limeambatana na pombe, si na nyama ile. Wala mnunuzi hakutajwa kuwa msafiri. Cilappatikaram, utenzi wa baadaye, unawataja waoka appamu (mkate wa mchele ulio jamaa ya kitumbua chetu) miongoni mwa wachuuzi wa mji huohuo. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kiliuzwa mjini, na ni vigumu kudhani kwamba baharia mgeni alikatazwa kununua. Kinachokosa ushahidi katika tungo hizi ni nyumba ya wageni inayoendeshwa kibiashara njiani.

Istilahi nazo zinahitaji uangalifu. Viruntu la Kitamili lilibeba maana ya upya, kisha mgeni, kisha karamu. Kiswahili chenyewe humwita "mgeni" aliyealikwa na asiyejulikana, hivyo mfasiri akiandika "mgeni" kila mahali huwa amekwisha kuamua swali kabla ya kulijadili.

Wapo pia umanar, wachuuzi wa chumvi, ambao hoja ya ukarimu huwapita kimya. Katika Perumpanarruppatai wanasafiri kwa msafara wa mikokoteni, wakiwa na wake zao na vyungu vyao. Hao hawakungoja kukirimiwa wala hawakutafuta mkahawa.