Walikula Nini Siku za Mgomo?

Miongoni mwa vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha yetu juu ya watu wanaoishi kwa jasho lao, Kuli cha Shafi Adam Shafi chashika nafasi ya mbele. Kilichapishwa na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, mwaka 1979, lakini mambo kinayoyasimulia ni ya Unguja ya zama za ukoloni, hata kufikia mgomo mkuu wa mwaka 1948. Mwandishi alizaliwa mwaka 1940. Basi mgomo ulipotokea alikuwa mtoto wa miaka minane, umri wa kusikia minong'ono ya wakubwa bila ya kupewa maelezo yake. Hadithi aliyoiandika miaka thelathini na moja baadaye yasomeka kama kazi ya mtu aliyekuwa akiidai dunia maelezo yale.

Nilikisoma kwa mara ya kwanza nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nikakisoma upesi, kama afanyavyo kijana atafutaye kishindo. Sasa nakisomesha Kibirichia, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako asubuhi ni baridi kali na shamba ni viazi. Wengi wa wanafunzi wangu hawajapata kuiona bahari. Nilidhani kazi yangu ngumu ingekuwa kuwaeleza winchi ni nini na tishari ni nini. Nilikosea, mizigo waliielewa mara moja. Jambo lililotutatiza lilikuwa jingine, nami nitalifikia.

Kwanza natazame jina la kitabu, maana mwandishi hakulichagua ovyo. Lugha yetu ina majina matatu kwa mtu abebaye mzigo kwa ujira. Mchukuzi ni la kwetu wenyewe, na halina ubaya. Hamali latoka kwa Waarabu. Kuli lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na kila lilikofika lilibeba dharau pamoja na mizigo: aitwaye kuli hakuulizwa jina lake la pili. Mwandishi alichukua tusi hilo akaliweka juu ya jalada la kitabu bila neno jingine la kulipunguza makali. Msomaji anapofika kurasa za mwisho, neno ni lile lile, ila haliwezi tena kumdhalilisha mtu. Hiyo ni kazi ya fasihi hasa, nami naihesabu kuwa kubwa kuliko hotuba zote zilizomo kitabuni.

Hadithi yenyewe haina mafumbo. Majaliwa ni kuli wa bandarini, naye afa kazini. Mwanawe Rashidi ashika njia ile ile ya baba, kwa kuwa hakuna njia nyingine iliyo wazi mbele yake. Huko bandarini akutana na Faraji, mfanyakazi mwenzake aliyemtangulia kuona mambo, naye amfunza pole pole kwamba dhiki yake si ajali wala si kudura, bali ina sababu zake; na kwamba mmoja akilalamika hufukuzwa, lakini wengi wakinyamaza kwa pamoja, meli hazipakuliwi. Mwisho wa mafunzo hayo ni mgomo.

Yafaa vijana wajue kwamba mgomo huo haukubuniwa na mwandishi. Katika Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi Mombasa kwa muda wa siku kumi na mbili. Ndipo kikapata nguvu kile chama cha African Workers' Federation, ambacho kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akahamishiwa Kabarnet, akazuiliwa miaka kumi. Mwaka huo huo bandari ya Dar es Salaam nayo iligoma. Agosti 1948 ikawa zamu ya Unguja: makuli walianza, na katika siku chache mgomo ukaenea mjini hata kuingia mwezi wa Septemba. Moto ulipita kutoka bandari moja hata nyingine kwa sababu watu wenyewe walipita: mabaharia na vibarua walihamahama katika pwani hii, na habari ya ujira wa Mombasa ilifika Unguja bila ya gazeti.

Sasa nitasema kasoro ninayoiona. Faraji ajua mambo mno. Mara chache mno twamwona akisita au akishindwa kujibu. Afungua kinywa kama mtu afunguaye kitabu, na Rashidi auliza maswali yale tu ambayo Faraji amekwisha kuyatayarishia majibu. Mimi ni mwalimu, nami nawajua wanafunzi. Hakuna mwanafunzi wa namna hiyo duniani. Kadhalika, wakubwa wa bandari wamepakwa rangi moja tu, hata msomaji hapati taabu yoyote ya kuwapima. Watetezi wa kitabu husema kwamba kiliandikwa katika miaka ya Azimio la Arusha, wakati waandishi wengi waliona wajibu wao kuwa ni kufunza. Huo ni udhuru mzuri wa mwandishi, lakini hauwezi kuwa udhuru wa Faraji. Mtu akusanyaye wenzake kwa haki zao huwa na usiku wa mashaka, maana ajua kwamba akikosea, watoto wasio wake watalala na njaa.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo lililotutatiza. Tulikuwa tumekwisha kuusoma mgomo, na darasa lilikuwa limechangamka, wengine wakipiga madawati. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye si msemaji, alisimama akauliza: "Mwalimu, na nyumbani kwao walikula nini siku hizo?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, wala mimi.

Kijana huyo ni mwana wa mpakiaji wa viazi katika soko letu. Msomaji asiyelijua soko la Kibirichia na afikirie malori yaliyojipanga toka alfajiri, na wanaume waliofunga magunia matupu mabegani wakipanda ubao mwembamba, mzigo juu, mguu mmoja mbele ya mwingine. Mpakiaji hulipwa kwa gunia. Gunia lenyewe, mbali ya ujazo wake, hutiwa kilemba cha wavu juu, na viazi huongezwa hata likawa na urefu wa mtu. Ndugu zetu wa Tanzania huliita lumbesa. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliagiza kwamba mfuko usizidi kilo 50, na zilikusudiwa zaidi kumkinga mkulima asipunjwe. Lakini kilo zinazompunja mkulima ndizo zinazouvunja mgongo wa mpakiaji, na Shirika la Kazi la Kimataifa lilikwisha kupendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Kanuni ipo, na mimi kwa macho yangu nimeyaona magunia yenye vilemba yakipanda ubao baada ya kanuni hiyo.

Msimu mmoja wapakiaji walipatana kwamba hawatabeba gunia lililozidi. Sikusimuliwa habari hii. Nilikuwa nikipita pale kila asubuhi niendapo shuleni. Siku ya kwanza walikaa juu ya ukuta wakiimba. Siku ya pili walikaa bila ya kuimba. Siku ya tatu nusu yao walikuwa ubaoni, na magunia yalikuwa yale yale. Hakuna aliyewasaliti kwa fedha, wala hakukuwa na askari. Unga ulikwisha majumbani, basi. Baba wa mwanafunzi wangu alikuwa mmoja wa wale waliorudi ubaoni, na mwanawe alijua vizuri alikuwa akiuliza nini.

Nilirudi kitabuni kutafuta jibu. Niliona jambo ambalo chuoni sikuliona: nguvu ya hadithi hii haipo katika mgomo, ipo katika kifo cha Majaliwa. Mgomo watuonyesha wafanyakazi wakiwa wengi. Kifo kile chatuonyesha mfanyakazi mmoja, na shimo lililokuwa chini yake siku zote bila ya yeye kulitazama. Leo ana kazi na nyumba ina moshi. Kesho hana, na mzigo wote wamwangukia mtoto. Mwandishi hatoi hotuba hapo. Laiti angaliurudia ukimya huo katika sura za mgomo, akatuingiza jikoni kwa muda mrefu zaidi! Maana mgomo ni nini, ila ni kukosa kazi kwa hiari kwa siku chache? Na asiyeweza kustahimili siku tatu bila ya ujira hawezi kugoma, hata Faraji akimfundisha mwaka mzima. Ndiyo sababu nasema haki ya mfanyakazi kazini na akiba ya siku atakapokosa kazi si mambo mawili. La pili ndilo linalolisimamisha la kwanza.

Wako watakaonijibu kwamba mambo hayo yamekwisha kushughulikiwa na sheria tangu siku za makuli. Ni kweli kwa sehemu. Kenya ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii kwa sheria ya mwaka 1965, na sheria ya mwaka 2013 ikaupanua. Imetaja uzee, ulemavu na kifo, lakini mtu aliyefukuzwa kazi akiwa na nguvu zake haikumtengea posho. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa mfanyakazi haki ya kuunda chama na kugoma. Kifungu cha 43 chataja haki ya hifadhi ya jamii. Tanzania Bara ilikwenda hatua moja mbele kwa sheria ya mwaka 2018, ikaanzisha fao la kukosa ajira: mchangiaji wa mfuko aliyeachishwa kazi, akitimiza masharti, hupata theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Hatua hiyo ni njema, na ningependa kuiona kwetu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoliangusha soko la maua Ulaya, wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua ya Kenya walirudishwa makwao. Theluthi ya mshahara ingalikuwa unga na mafuta ya taa.

Lakini soma tena masharti. Mchangiaji. Mshahara. Mwajiri. Maneno hayo matatu yote hayamjui mpakiaji wa Kibirichia. Kuli wa Unguja, pamoja na dhiki yake yote, aliujua mlango wa ofisi aliyoidai. Mwenye kampuni alikuwa na jina, na meli yake ilikuwa ikingoja. Mpakiaji wetu ana bwana mpya kwa kila lori, na lori likikataliwa hapa laweza kwenda soko jingine. Atamgomea nani? Faraji hakuulizwa swali hilo, na sioni haki kumlaumu kwa kutolijibu. Lakini mwalimu anayekisomesha kitabu hiki leo, akaacha wanafunzi wake waamini kwamba kila dhiki ina ofisi yenye mlango, atakuwa amewasomesha nusu ya kitabu.

Wapakiaji wenyewe walitafuta jibu bila ya kumsoma Shafi Adam Shafi. Baada ya siku zile tatu walianza kutenga fedha ya gunia moja kila siku ya soko, yaani kila mtu gunia moja, mweka hazina akiwa mama mmoja muuza chai kwa sababu, wanasema, yeye haendi popote. Wakati ninapoandika haya fedha hizo zimekwisha kuwatibia wawili walioteguka mgongo, na kumlisha mmoja kwa mwezi mzima. Siwezi kusema ni nyingi. Magunia bado yana vilemba. Hata hivyo nimeona kwamba mazungumzo yao ukutani yamebadilika: zamani walizungumza habari za malori, sasa huhesabu siku. Wana akiba ya siku nne, wakadhani watahitaji kumi.

Basi darasani nimebadili mpango. Zamani nilianzia kwa Faraji. Sasa twaanzia kwa Majaliwa, na kila mwanafunzi huandika ukurasa mmoja juu ya nyumba ile kabla ya ajali na baada yake, bila ya kutumia neno "unyonyaji" hata mara moja. Kurasa nyingi ni dhaifu, lakini baadhi yake nimeziweka.

Yule kijana wa nyuma hakuandika ukurasa wake kwa wakati. Nilipomwuliza alisema kitabu hakikuwa mkononi mwake. Baba yake alikuwa nacho. Baba hajui kusoma sana, kwa hiyo mwana humsomea jioni, sura kwa sura. Walipofika penye kifo cha Majaliwa, baba alimwambia apinde ukurasa, awahi kwa Faraji. Usiku uliofuata akamwambia arudi nyuma. Nimemruhusu akae nacho hadi muhula ufungwe.