Kwa Jina Tu

Ukimwona fundi wa programu amekaa kimya mbele ya skrini, vidole havigusi kibodi, usimdhanie mvivu. Huenda anatafuta jina.

Sehemu moja ya programu imepiga hesabu ya mauzo ya siku. Sehemu nyingine, iliyoandikwa na mtu mwingine, inaihitaji hesabu hiyo. Hazijuani. Ya kwanza inaihifadhi kwa jina "jumla_siku", ya pili inaomba "jumla_siku", inapewa. Katika Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993 (kwa Kireno jina hilo ni mwezi), vitu vya pamoja hukaa kwenye jedwali moja liitwalo _G, na kila kimoja huitwa kwa jina lake.

Kinachonifurahisha ni namna kitu kinavyopatikana kwa jina lake. Kompyuta haipekui majina moja baada ya jingine kama karani mwenye daftari. Inazichukua herufi za jina, inazigeuza tarakimu, inazivuruga kwa hesabu, na jibu linakuwa namba ya kijisanduku. Inakwenda papo hapo. Viwe vitu kumi au milioni, mwendo ni karibu uleule. Hans Peter Luhn wa IBM aliliandika wazo hili mwaka 1953. Majina mawili yakiangukia kijisanduku kimoja? Yanapangwa foleni, kisha yanalinganishwa hadi lipatikane lenyewe.

Ila mashine haikisii ulichokusudia. Alasiri moja mimi na mwenzangu tulikuwa tunatengeneza programu ya duka, ripoti ya jioni ikatoka tupu.

"Kaka, hesabu zako hazipo."

"Zipo, nimeziweka mwenyewe."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mimi nilihifadhi "jumla_siku". Yeye aliomba "jumlaSiku". Lua ikiombwa jina isilolijua haipigi kelele, inarudisha nil, yaani hamna kitu, na programu inaendelea na safari yake kwa adabu zote. Heri ingetutukana.

Tangu hapo nawastahi wanaojua kutaja. Mtu akiandika "x" au "data2" kwenye jedwali la watu wote, amewaachia wenzake fumbo. Anayeandika "mauzo_jumla_siku" amekwambia ni nini na cha lini, na hajaongeza hata mstari mmoja wa maelezo.

Mwenzangu naye kabadilika. Siku hizi kabla hajahifadhi chochote hugeuza kiti, ananiuliza: "Hii tuiiteje?"