Kuchuja Hopi au Kuchuja Togwa? Maoni juu ya Maneno ya Utengenezaji wa Bia

Miongoni mwa maagizo yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya ufundi ni lile linalomwelekeza mtengenezaji wa bia ya nyumbani afanye nini na hopi pindi sufuria inapoepuliwa motoni. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa bia ya nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikairuhusu kazi hiyo kwa sheria ya shirikisho iliyotiwa sahihi mwaka 1978. Tangu hapo vitabu vya maelekezo vimekuwa vingi. Kwetu Afrika Mashariki, bia ya hopi imetengenezwa kiwandani Nairobi tangu mwaka 1922. Maneno hayo basi yanamhusu pia mwalimu wa ufundi, na mtumishi wa serikali anayefasiri kanuni za vinywaji. Yafaa tuyapime.

Agizo lenyewe aghalabu hufasiriwa "chuja hopi". Sarufi yake haina kasoro, lakini twaona kwamba lapotosha. Mpishi wa pwani akiambiwa achuje nazi, huikamua akapata tui, kisha hutupa machicha. Kinachotajwa baada ya kitenzi ndicho chenye maji yanayotakiwa. Kwa mazoea hayo, msomaji anayeambiwa achuje hopi atadhani kwamba hopi ndiyo inayokamuliwa wakati huo. Sivyo. Uchungu wa hopi hutolewa kwa moto, inapochemshwa pamoja na maji ya kimea kwa muda wa saa moja hivi. Moto ukizimwa, hopi imekwisha kutoa ilichokuwa nacho, imebaki machicha. Kinachochujwa ni yale maji.

Je, maji hayo yaitweje? Wako wanaoandika "woti", kwa kulivika neno la Kiingereza irabu ya mwisho. Hatuoni haja yake. Kiswahili kina neno togwa, yaani kinywaji kitamu cha kimea ambacho hakijawa pombe. Tunakiri kwamba togwa ya mtama au ya mahindi hunywewa hivyo hivyo, tena pengine huachwa ikachachuka kidogo, ilhali hii ya shayiri ni hatua tu ya kuifikia bia. Tofauti hiyo yaweza kuonyeshwa kwa kusema "togwa ya shayiri". Neno hopi, kwa upande wake, tunalikubali, maana mmea huo si wa kwetu na hatuna jina lake la asili. Kukopa ni halali penye upungufu. Penye neno, kukopa ni uvivu.

Kosa la pili ni kukifanya kitenzi kuchuja kibebe kazi zote. Ukiwatazama watengenezaji wenyewe, utaona njia tatu za kuitenga hopi, na mkono haufanyi kazi moja katika zote. Ya kwanza ni ya maua mazima ya hopi. Hayo hulala juu ya bamba lenye matundu lililo chini ya sufuria, yakawa tandiko ambalo lenyewe huzuia uchafu togwa inapopita. Hapa kuchuja ni neno la haki. Ya pili ni ya hopi iliyosagwa na kushindiliwa ikawa vidonge. Vidonge hivyo huvunjika katika maji ya moto vikawa unga, na unga huo huziba wavu. Kwa hiyo wengi huikoroga togwa kwa kuizungusha, kisha huiacha itulie. Mashapo hukusanyika katikati kama kichuguu, na togwa hukingwa kwenye bomba la ubavuni. Ndivyo yanavyofanya majani ya chai katika kikombe kilichokorogwa, jambo ambalo Albert Einstein alilieleza mwaka 1926. Hapa hakuna chujio hata kidogo. Maneno yanayofaa ni kuzungusha, kutuamisha na kukinga. Ya tatu ni kuifunga hopi katika mfuko wa kitambaa kabla ya kuichemsha; mwishoni mfuko huopolewa. Mfasiri anayeandika "chuja" katika njia zote tatu humtuma msomaji wa ile ya pili akatafute wavu, nao utaziba mbele ya sufuria inayotoka mvuke.

Wengine huandika "chekecha". Neno hilo tungependa libaki kwenye vitu vikavu, kama unga na mchanga. Povu linaloelea wakati wa kuchemsha nalo halichujwi, bali huenguliwa.

Liko jambo la tatu, nalo lawagusa zaidi watumishi wa serikali. Viwandani, bia nyingi huchujwa tena baada ya kuchacha, ili kuondoa hamira iliyosalia na kuifanya iwe maangavu. Hatua hiyo ndiyo inayokusudiwa na maandishi "bia isiyochujwa" juu ya chupa. Hayana maana kwamba hopi iliyochemshwa imeachwa humo. Kanuni ikiandika "kuchuja bia" kwa hatua zote mbili, mkaguzi hatajua ni ipi iliyotakiwa. Kabla ya kuchacha hakuna bia, iko togwa.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. "Kuchuja togwa" iwe kuipitisha katika chujio ili kuondoa machicha ya hopi; "kutuamisha togwa" iwe kuiacha mashapo yakae; "kuchuja bia" iwe ya baada ya kuchacha tu. Nako kung'uto na kifumbu, vyombo ambavyo jiko letu limevizoea, visisahauliwe darasani mwalimu anapoeleza kazi ya chujio. Wasomaji wanaojua maneno mengine yanayotumiwa na wapika pombe wa sehemu zao tunawaomba wayalete, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe, ili yalinganishwe na haya kabla hayajazoeleka.